Pesa ya Barafu Iwe Pesa ya Chakula



Nchi yetu hii ya joto inajulikana. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Watoto wakati kama huo hutafuta kitu cha baridi, na wanakipata kwa urahisi: mfuko mdogo wa plastiki wenye maji, sukari na rangi nyekundu au ya machungwa, uliogandishwa. Mtoto akipewa pesa kidogo, anakimbilia huko kwanza.

Mara nyingi tunasikia ushauri wa aina moja tu: "Msiwanunulie watoto barafu." Kwa maoni yangu ushauri huo ni wa kweli nusu. Ni kweli kwamba barafu nyingi zinazouzwa njiani hazina faida na nyingine zina hatari. Lakini kukataza peke yake hakujawahi kumfanya mtoto asisikie joto. Tena, mama anayeuza barafu hizo ana watoto wa kulisha. Ukimkataza bila kumwonyesha njia nyingine, ataendelea kuuza kwa kujificha.

Mimi nasema hivi: pesa ya barafu inatoka nyumbani kila siku. Tuifanye iwe pesa ya chakula. Tuwagandishie watoto mtindi.

Mtindi si mgeni kwetu

Wapo watakaosema mtindi ni chakula cha hoteli. Sivyo. Sisi tunaoishi kambini tumetoka sehemu nyingi, na karibu kila mmoja wetu ana jina lake la maziwa yaliyoganda. Mkenya anasema maziwa lala. Mtanzania anasema mtindi au maziwa mgando. Ndugu zetu waliofika Gorom kutoka Sudan baada ya vita kuanza Aprili 2023 wanasema zabadi, na pia wana rob. Wakalenjin wana mursik, maziwa yanayolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Hapa Juba kwenyewe, katika ardhi ya Wabari na majirani zao Wamundari, maziwa ya ng'ombe ni chakula tangu zamani.

Na kugandisha maziwa kwenye mifuko pia si jambo jipya. Dar es Salaam utakuta kibao mlangoni kimeandikwa "Barafu zinauzwa hapa," na ndani kuna barafu za ubuyu, za ukwaju na za maziwa. Kwa hiyo hatuanzi kitu kigeni. Tunaunganisha vitu viwili ambavyo tayari tunavijua.

Mfano wa Mwanza

Mwaka 2004, katika eneo la Mabatini mjini Mwanza, Tanzania, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi jikoni na kuusambaza kwa majirani, wakiwemo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Walisaidiwa na wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, waliowapa mbegu ya mtindi na mafunzo. Mtindi wao ulijulikana kwa jina la Fiti.

Kina mama hao hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na masufuria, moto, vyombo safi na utaratibu waliokubaliana kuufuata kila siku. Jambo la kujifunza hapo ni hilo la mwisho, yaani utaratibu. Maziwa yakishughulikiwa ovyo yanaleta ugonjwa. Yakishughulikiwa kwa utaratibu, yanalisha mtaa mzima.

Protini inafanya kazi gani?

Protini ndiyo inayojenga mwili. Misuli, damu, ngozi na kinga ya kupambana na magonjwa vyote vinahitaji protini. Mtoto anayekula ugali au uji mtupu anaweza kushiba kila siku na bado akadumaa, kwa sababu tumbo limejaa lakini mwili haukupata vya kujengea.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji protini kama gramu 13 kwa siku. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji kama gramu 19. Barafu ya maji ya rangi ina protini sifuri. Sasa tuangalie mtindi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini kama gramu 33. Ukiongeza vijiko vikubwa 4 vya maziwa ya unga, unapata kama gramu 8 zaidi. Ukiongeza gramu 100 za karanga za kusaga, ile inayoitwa dakwa sokoni, unapata kama gramu 25. Jumla ni gramu 66. Ukigawa katika mifuko au vikombe 12, kila mtoto anapata kama gramu 5 na nusu. Hiyo ni karibu sawa na yai moja.

Kuna faida nyingine. Watu wazima wengi wakinywa maziwa matamu tumbo linajaa hewa au wanaharisha, kwa sababu hawawezi kusaga sukari iliyo katika maziwa. Maziwa yakishaganda, sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na vijidudu vya mtindi. Ndiyo maana wengi wasioweza maziwa matamu wanaweza mtindi.

Baridi haiui vijidudu

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo uhai wa watoto ulipo. Watu wengi wanaamini kwamba kitu kikigandishwa vijidudu vinakufa. Si kweli. Vijidudu vingi vinalala tu. Barafu ikiyeyuka mdomoni, vinaamka. Kinachoua vijidudu ni moto.

Kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991, wachunguzi walikuta kwamba barafu na vinywaji vya mitaani vilikuwa miongoni mwa njia kilizopitia. Hapa Sudan Kusini, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu tarehe 28 Oktoba 2024, kikianzia Renk, na haikuchukua muda kikafika Juba. Juba ilikwisha kukiona pia mwaka 2014 na 2015. Maji ya mto yakiletwa na magari ya matangi na kugandishwa bila kutiwa dawa wala kuchemshwa, barafu yake ni maji yale yale.

Maziwa mabichi nayo yana hatari zake. Yanaweza kuleta homa ya brusela, ambayo humfanya mtu apate homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi, na kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba. Yanaweza pia kuleta kifua kikuu cha ng'ombe. Najua wapo wazee wanaosema maziwa ya kuchemsha yamepoteza ladha. Kwa heshima zote, wazee wangu, ladha itarudi mtindi ukiganda.

Jinsi ya kutengeneza

Vitu vinavyohitajika:

- Maziwa lita 1. Yakiwa ya unga, yakoroge kwa maji yaliyochemshwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.
- Maziwa ya unga ya kuongeza, vijiko vikubwa 4.
- Mtindi wa mbegu usio na sukari, vijiko vikubwa 3. Uwe mpya, usio na harufu mbaya wala ukungu.
- Karanga za kusaga, vijiko vikubwa 6.
- Ndizi mbivu 3, au embe 1 kubwa wakati wa msimu.
- Sukari vijiko vikubwa 2. Ndizi zikiiva vizuri, sukari si lazima.

Fuata hatua hizi:

1. Osha mikono kwa sabuni. Osha sufuria, kijiko, mwiko na vikombe, kisha uvimwagie maji yanayochemka.

2. Koroga maziwa ya unga ya kuongeza ndani ya maziwa. Chemsha mpaka yapande, kisha punguza moto na uyaache yachemke polepole kwa dakika chache huku ukikoroga yasiungue.

3. Funika, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Usiingize kidole ndani kupima. Dondosha tone moja kwa kijiko kwenye kifundo cha mkono. Likiwa la moto kidogo bila kuchoma, ni tayari. Yakiwa ya moto sana yataua mbegu, na yakiwa baridi sana hayatashika.

4. Tia mtindi wa mbegu, koroga taratibu, funika na uzungushie blanketi. Acha saa 6 hadi 8 bila kutikisa. Wengi huona vizuri kufanya kazi hii jioni, asubuhi mtindi ukawa tayari.

5. Osha ndizi au embe kabla ya kumenya. Ponda mpaka ziwe laini. Changanya na karanga za kusaga, sukari kama unaitumia, halafu mtindi.

6. Jaza kwenye vikombe vidogo vyenye kifuniko au mifuko mipya. Hapa kuna kosa dogo ambalo wauzaji wengi hulifanya: wanapuliza mfuko kwa mdomo ili ufunguke. Usipulize. Mate yanaingia humo humo. Sugua mfuko kwa vidole safi mpaka ufunguke.

Ukitaka ubuyu, ule ambao ndugu zetu wa Sudan huuita gongolez, loweka katika maji yaliyochemshwa, chuja, uchanganye. Unaongeza vitamini C na ladha ya uchachu ambayo watoto wanaipenda.

Kama huna maziwa ya unga, chuja mtindi ulioganda kwa kitambaa kilichochemshwa, kwa saa 2 au 3, kikombe kikiwa chini. Kinachobaki juu ni mtindi mzito wenye protini nyingi zaidi kwa kila kijiko. Maji yanayoshuka usiyamwage, yatie katika uji au unga wa kukandia mkate.

Onyo kuhusu karanga: tupa zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu. Kuvu wa nafaka na karanga wana sumu isiyoondoka kwa kupika. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100. Mtoto akivimba midomo au akipata shida ya kupumua baada ya kula karanga, mpeleke kliniki mara moja na usimpe tena.

"Lakini hatuna friji"

Hili ndilo swali kubwa, na ni la haki. Nyumba nyingi za kambi hazina umeme. Naona njia mbili.

Njia ya kwanza ni friji ya dukani. Wenye maduka wenye jenereta au umeme wa jua wanaweza kukubali kugandisha kwa malipo kidogo, hasa majirani 4 au 5 wakipeleka pamoja. Lakini weka vikombe vyako katika chombo chenye kifuniko. Friji nyingi zina nyama na samaki, na damu hudondoka. Umeme ukikatika na mtindi ukayeyuka, unywewe mara hiyo ukiwa bado baridi. Usiugandishe mara ya pili.

Njia ya pili ni ya barafu na chumvi, na haihitaji umeme nyumbani. Nunua barafu ya sokoni kama kilo 3, iponde, changanya na chumvi ya bei nafuu kilo 1 ndani ya ndoo. Chumvi inafanya barafu iwe baridi kuliko barafu ya kawaida. Tia mtindi katika sufuria nyembamba yenye kifuniko, iketishe katikati ya ndoo, zungushia gunia, na kila baada ya dakika chache fungua ukoroge. Kwa dakika 30 hadi 45 utakuwa na mtindi ulioganda laini. Watoto wasishike mchanganyiko ule, maana unaunguza ngozi. Chumvi haipotei: anika yale maji juani kwenye sinia, ikauke, uitumie tena kwa kazi hiyo hiyo.

Kumbuka sheria moja: barafu inakaa nje, mtindi unakaa ndani. Hujui barafu ya sokoni ilitengenezwa kwa maji gani, kwa hiyo isiingie katika chakula hata tone.

"Lakini maziwa ni ghali"

Ni kweli, maziwa si rahisi Juba, na sitamwambia mtu asiye na mlo wa jioni anunue maziwa kwanza. Lakini ninaomba kila nyumba ifanye hesabu moja. Kwa wiki moja, andika pesa yote iliyokwenda kwenye barafu za rangi, soda na pipi kwa watoto wote. Jumamosi ijumlishe. Halafu nenda sokoni uulize bei ya pakiti ya maziwa ya unga na kipimo cha karanga. Nyumba nyingine zitaona haitoshi. Hizo zinaweza kuungana na jirani, au kutengeneza mara moja kwa wiki mbili. Nyumba nyingine zitashangaa kwamba pesa ilikuwepo, ila ilikuwa inaondoka kidogo kidogo.

"Baridi inaleta kikohozi"

Kikohozi na mafua huletwa na virusi vinavyopita kwa mikono na hewa, si kwa barafu. Mtoto mwenye pumu anaweza kusumbuliwa na kitu cha baridi sana, na huyo apewe mtindi usiogandishwa. Wengine hawana sababu ya kuogopa.

Nani asipewe?

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Asipewe mtindi, maji wala maziwa ya unga. Baada ya miezi 6 anaweza kuonja mtindi laini usio na sukari pamoja na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, kwa sababu zinaweza kumkaba. Za kusaga laini ni salama zaidi.

Mtoto aliyepimwa na kupewa chakula cha tiba kwa utapiamlo mkali amalize chakula hicho kama alivyoelekezwa. Pakiti zile ni dawa yake peke yake. Zisichanganywe katika barafu za kugawia wengine, na zisiuzwe.

Na mtindi si dawa ya kuharisha. Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS, vidonge vya zinki kama kliniki ilivyoelekeza, endelea kumlisha, na mpeleke kituoni haraka akilegea, akitapika kila kitu au akiharisha maji kama ya mchele.

Ombi langu kwa wahusika

Nimewaambia wazazi vya kutosha. Sasa naomba niseme na mashirika na viongozi wa kambi pia.

Mlipuko unapotokea, mara nyingi amri ya kwanza ni kufunga biashara za vyakula vya njiani. Naelewa sababu yake, na wakati wa mlipuko amri hiyo inaokoa watu. Lakini mama anayeuza barafu anaipata amri hiyo bila kuwa amewahi kufundishwa lolote wakati wa heri. Nadhani tungepata faida zaidi tukianza mapema.

Kwanza, mafunzo ya mapishi yanayofanyika kwenye vituo vya lishe yaongeze somo la mtindi, kwa vitendo, mama apike kwa mikono yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa tangu mwaka 2001 mambo matano ya chakula salama: kuwa safi, kutenga kibichi na kilichopikwa, kupika vizuri, kuhifadhi katika joto au baridi inayofaa, na kutumia maji na vyakula salama. Somo la mtindi lina yote matano ndani yake.

Pili, wauzaji wa barafu waandikishwe na kutembelewa na wahamasishaji wa afya. Anayechemsha maji, kutumia dawa ya klorini na kuosha vyombo apewe alama ya kubandika mlangoni. Wanunuzi watajua pa kwenda, na wengine watafuata kwa sababu ya biashara.

Tatu, kikundi kimoja cha kina mama kijaribiwe na friji moja ya umeme wa jua, kwa masharti ya usafi na hesabu zilizo wazi. Kikifaulu, kiwafundishe wengine. Kikishindwa, tutajua kwa nini. Mabatini ya Mwanza walianza na kikundi kimoja.

Kwako mzazi, usingoje friji wala mradi. Anza na lita moja Jumamosi hii. Chemsha, funika, ugande usiku, na Jumapili watoto wale kitu cha baridi chenye kuwajenga. Jirani akiuliza umeufanyaje, mpe vijiko vitatu vya mbegu umwonyeshe.